Maisha ya Abulqasim Azzahrawi, Tabibu wa Andalus, na Khabari ya Njia ya Mkojo

 Katika kijitabu hiki twataka kuwaeleza ndugu zetu khabari za mtu mmoja katika wanavyuoni wa Andalus, ambaye jina lake Wazungu walilitukuza kwa miaka mia nyingi, na sisi wenyewe tulio wengi hatulijui. Mtu huyo ni Abulqasim Khalaf bin Abbas Azzahrawi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya umaarufu wake yatokana na kuganga maradhi ya kibofu na ya njia ya mkojo wa mwanamume, hatutaona haya kuyataja mambo hayo kwa majina yake. Vitabu vya fiqhi tunavyosomeshwa chuoni tangu udogoni vyataja mkojo na manii na madhii na istibrai pasina kuficha, na hapana aliyepata kusema kuwa ni utovu wa adabu.

Alizaliwa upande wa Qurtuba, na nisba yake ya Azzahrawi yatokana na Madinatuzzahra, mji alioanza kuujenga Khalifa Abdurrahman Annasir katika mwaka wa 325 wa Hijra, sawa na mwaka 936. Mji huo ulikuwa chini ya mlima, magharibi ya Qurtuba, umbali wa kiasi ya saa mbili kwa miguu. Ukoo wake alijinasibisha na Ansari, watu wa Madina waliompokea Mtume. Wakati wa uhai wake Qurtuba ilikuwa katika miji mikubwa ya dunia. Na Khalifa Alhakam wa pili, aliyetawala tangu mwaka 961 hatta mwaka 976, alikuwa mpenzi wa vitabu kuliko mfalme yeyote wa zama zake. Basi kijana mwenye hamu ya ilmu hakuwa na haja ya kusafiri mbali. Vitabu vya Wayunani, kama vya Jalinus na Bukrati na Bulus wa Aegina, vilikuwa vimekwisha geuzwa kwa Kiarabu, na yeye alivisoma.

Khabari za nyumba yake na za watoto wake hazikuandikwa. Mtu wa kwanza kuandika maisha yake ni Alhumaydi, mwanafunzi wa Ibn Hazm, naye aliandika baada ya Azzahrawi kufa kwa miaka mingi. Akamtaja kuwa alikuwa mtu wa fadhila na dini na ilmu, na kuwa alifariki Andalus baada ya mwaka wa 400. Ibn Hazm mwenyewe alikisifu kitabu chake. Basi yatupasa kumjua mtu huyu kwa kazi ya mikono yake, na kazi hiyo imebaki yote.

Kitabu chake chaitwa Attasrif. Kina makala thalathini, alikimaliza kwenye mwaka 1000 au karibu yake. Makala nyingi ni za dawa na vyakula na maradhi, kama vilivyo vitabu vya matabibu wengine. Iliyompa jina ni makala ya thalathini, nayo ni ya kazi ya mkono: mlango wa kwanza ni wa kuchoma kwa chuma cha moto, wa pili ni wa kupasua, na wa tatu ni wa kuunga mifupa. Ndani yake alichora kwa kalamu sura za vyombo kiasi cha mia mbili, visu na koleo na mikasi na sindano, ili msomaji aliye mbali aweze kwenda kwa mhunzi akamwambia amfulie chombo kama hiki. Jambo hili halikupata kufanywa namna hiyo kabla yake. Na maneno yake katika kitabu ameyaelekeza kwa wanafunzi wake, akiwaita wanawe.

Katika dibaji ya makala hiyo alitoa malalamiko. Alisema kuwa ilmu ya kupasua imekufa katika nchi yake, na kuwa sababu yake ni watu kuishika kazi hiyo pasina kujifunza kwanza viungo vilivyo ndani ya mwili, mishipa yake na mifupa yake na mahali pa kila kitu. Kisha akataja mambo aliyoyaona kwa macho yake. Mmoja wa matabibu hao alipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa ya damu, damu ikamwagika hatta mwanamke akafa mbele yake. Mwingine alithubutu kutoa jiwe katika kibofu cha mzee mmoja. Jiwe lilikuwa kubwa, akalivuta kwa nguvu likatoka pamoja na kipande cha kibofu, na mzee akafa baada ya siku tatu hivi. Na mzee huyo, Azzahrawi alikuwa ameitwa kabla kumtazama. Akaona ukubwa wa jiwe na hali ya mgonjwa, akajua ya kuwa akipasuliwa atakufa, akakataa.

Sisi twaona kuwa katika kisa hiki ndimo ilimo tabia ya mtu huyu. Kukataa kazi si jambo jepesi kwa fundi mwenye sifa, khasa pale jamaa za mgonjwa wanapomshika miguu na mali iko tayari. Naye aliwausia wanafunzi wake wasimguse mgonjwa illa kwa yakini ya kuwa mwisho wake utakuwa mwema, wala wasiingie katika maradhi mazito kwa tamaa.

Sasa, ili msomaji apate kufahamu ugumu wa kazi ile, imetubidi tueleze umbo la njia yenyewe kama inavyojulikana hivi leo.

Mrija wa mkojo wa mwanamume una urefu wa kiasi ya sentimita 18 hatta 20, yaani shubiri moja takriban. Na wa mwanamke ni kiasi ya sentimita 4 tu. Waanza penye shingo ya kibofu. Hapo hapo wapita katikati ya tezi iitwayo tezi dume, nayo kwa kijana ni sawa na ndimu ndogo, uzito wake kiasi cha gramu 20, imekaa chini ya kibofu na mbele ya utumbo wa haja kubwa. Ndiyo maana daktari huweza kuipapasa kwa kidole kupitia nyuma. Baada ya sentimita 3 za ndani ya tezi, mrija watoboa nyama iliyo sakafu ya nyonga, na hapo pana msuli unaouzuia mkojo kwa hiari ya mtu. Kisha waingia katika mzizi wa dhakari, wafuata urefu wake mpaka nje.

Njia hiyo haikunyoka. Ina mapindo mawili. Pindo la kwanza liko ndani, chini ya mfupa wa kinena, nalo halihami. La pili liko pale dhakari inapoinama kwa uzito wake, nalo huondoka dhakari ikiinuliwa juu. Mtu atakayeingiza kitu kigumu pasina kuyajua mapindo haya atautoboa mrija, na jeraha lake likipona huacha kovu linaloziba njia, ikawa tabibu amezidisha maradhi aliyoitwa kuyaondoa.

Na mrija huu mmoja una kazi mbili. Mbali na mkojo, ndiyo njia ya manii. Mbegu zitokazo katika mapumbu hupanda kwa mishipa miwili, hukutana na maji ya vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu, kisha huingia katika mrija ndani ya tezi dume. Na tezi hiyo huongeza maji yake, yapata fungu moja katika manne ya manii yote. Wakati huo shingo ya kibofu hujifunga yenyewe, mkojo usichanganyike na manii wala manii yasirudi ndani. Ama madhii, yale maji mepesi yatokayo kwa shauku, ambayo mafakihi wameyapambanua na manii kwa hukumu yake, hutoka zaidi katika tezi mbili ndogo kama punje za mbaazi, zilizo chini ya tezi dume. Na sehemu ya mrija iliyo chini kabisa, pale nyuma ya korodani, ni pana kuliko nyingine, na matone ya mkojo hubaki humo baada ya mtu kumaliza haja yake. Yule anayefanya istibrai kwa kukamua taratibu kutoka huko nyuma huyatoa matone hayo hayo, ingawa hakupata kufundishwa umbo la mahali penyewe.

Azzahrawi hakuyajua yote hayo. Tezi dume hakuitaja kwa jina. Aliyeieleza waziwazi katika Wazungu ni Niccolò Massa wa Venice mwaka 1536, na Vesalius akaichora mwaka 1538. Lakini mapindo ya mrija aliyajua vyema sana, na dalili yake ni namna alivyofundisha kuutoa mkojo uliofunga.

Alisema kuwa mkojo hufungwa kwa jiwe, au damu iliyoganda, au usaha, au nyama iliyoota, na mfano wa hayo. Zikishindwa dawa, na tabibu akaogopa mgonjwa asife, basi na atwae mrija wa fedha, mwembamba, laini, ulio mtupu ndani kama unyoya wa ndege, urefu wake shubiri moja na nusu, wenye mdomo mpana kidogo kwa juu. Atapitisha ndani yake uzi uliokunjwa, na mwisho wa uzi afunge sufu au pamba iliyozibana tundu ya chini kama kizibo. Aupake mafuta, au siagi, au weupe wa yai. Mgonjwa aketi juu ya kiti, akandwe kibofu na dhakari kwa maji ya moto na mafuta. Kisha mrija uingizwe kwa upole mpaka ufike kwenye mzizi wa dhakari. Hapo dhakari ipinduliwe juu kuelekea kitovuni, mrija usukumwe mpaka ukaribie upande wa haja kubwa. Halafu dhakari ishushwe chini na mrija ukiwa ndani yake, usukumwe tena, hatta mgonjwa mwenyewe ahisi kuwa umeingia mahali patupu. Naye akatoa sababu: njia hiyo imepinda. Ndipo uvutwe uzi, na mkojo uufuate.

Msomaji na alinganishe maneno haya na yale tuliyoyataja juu ya mapindo mawili. Kuinua juu ni kuondoa pindo la nje. Kushusha chini ni kuiongoza ncha ipande chini ya mfupa kuelekea kibofu. Mtu aliyeandika hivi alikuwa ameifanya kazi hiyo mara nyingi, na kidole chake kilikuwa kimekwisha jua mahali pasipopita.

Kisha alieleza bomba la kutilia dawa kibofuni, la fedha au la pembe ya ndovu, lenye tundu tatu ndogo mwishoni, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, na ndani yake mti unaolijaza sawasawa, ukivutwa wavuta maji na ukisukumwa wayatupa mbali.

Ama jiwe likikwama katikati ya mrija, hakutaka kukimbilia kisu. Aliagiza chuma cha pua chenye ncha ya pande tatu, kali, kilichotiwa katika mpini wa mti, ambacho kwa Kiswahili twaweza kukiita keekee. Dhakari ifungwe uzi nyuma ya jiwe ili lisirudi kibofuni, kisha keekee iingizwe taratibu mpaka ifike kwenye jiwe, izungushwe kidogo kidogo hatta jiwe litoboke upande wa pili. Mkojo hutoka saa ile ile. Halafu yaliyobaki yavunjwe kwa vidole kwa nje, yatoke na mkojo. Huko Paris, mwaka 1824, Civiale alilisaga jiwe ndani ya kibofu cha mtu aliye hai kwa chombo kilichopita katika mrija, watu wakastaajabu sana. Na kilikuwa kimepita kiasi cha miaka mia nane tangu yule wa Qurtuba kuandika habari ya keekee yake.

Jiwe kubwa la kibofuni ndilo lililohitaji kisu. Alisema maradhi hayo hutokea zaidi kwa watoto, na kuwa kupona ni kwepesi kwa mtoto mpaka afike miaka 14, na kwa wazee ni kuzito, na vijana wako baina ya hao. Mgonjwa huoshwa tumbo kwanza, kisha huambiwa aruke kutoka mahali palipoinuka ili jiwe lishuke. Tabibu huingiza kidole cha shahada nyuma, alitafute jiwe na kulisukuma mpaka shingoni mwa kibofu, halafu hupasua baina ya tupu ya nyuma na mapumbu. Lakini si katikati, illa upande wa tako la kushoto, kwa mshazari, jeraha liwe pana kwa nje na jembamba kwa ndani, kadiri ya jiwe kupita na si zaidi. Yakiwa mawe mengi, lianze kubwa. Na lisiachwe hatta moja.

Leo yajulikana kuwa kisu kinachoshika njia hiyo hupita katika shingo ya kibofu na ndani ya tezi dume. Ndiyo sababu wengi waliopasuliwa zamani, hatta wakiokoka na mauti, mkojo uliwatoka ovyo au walikosa uzazi. Naye aliihofu hatari ingawa hakuijua tezi; kule kusisitiza kwake kuwa jeraha la ndani liwe dogo ni kwa hofu ya mkojo kutoka daima pasipofunga.

Katika mlango wa mwanamke alitua akaieleza shida iliyokuwamo. Mwanamke mwenye jiwe huenda akawa bikira. Huenda asikubali kujifunua kwa tabibu mwanamume kwa sitara yake. Na mwanamke mwenye ujuzi wa kupasua hapatikani. Hakusema basi aachwe afe. Alisema atafutwe mwanamke tabibu, na akikosekana atafutwe mkunga mwenye akili, aingie kwa mgonjwa, na tabibu amfundishe killa hatua na kumwamrisha la kufanya. Hivyo sitara ikahifadhika na roho pia.

Na hapa na sisi tuseme neno. Haya ni katika imani, lakini iko haya isiyokuwa na asili katika sharia. Wanaume wengi wakifika miaka 50 na kupita, tezi dume yao hukua, huubana mrija uliopita katikati yake. Mkojo huwa mwembamba, husita kabla ya kuanza, mtu huamka usiku mara tatu na nne, na baada ya kumaliza matone humfuata hatta akatia shaka udhu wake. Mara nyingi hili ni kukua tu kwa umri. Mara nyingine ni saratani, na aliyekaa kitako nyumbani hawezi kuzipambanua. Tumeona wazee wenye heshima zao wakanyamaza na hali hiyo miaka mingi, hatta usiku mmoja mkojo ukafunga kabisa, kibofu kikajaa kama ngoma, ndipo wanapochukuliwa kwa mbio hospitalini wakilia. Mficha uchi hazai, wamesema wazee wetu, na wazee hao hao ndio wa kwanza kuificha. Azzahrawi alipotaja nyama iliyoota ikaziba njia, twadhani baadhi ya wagonjwa wake walikuwa na tezi hii hii.

Juu ya kutahiri pia ana maneno yapasayo kusomwa na ngariba wetu. Alitanguliza kuwa watu wa kale, yaani Wayunani, hawakuandika kitu juu yake kwa kuwa hawakuwa na sharia hiyo, na kuwa yeye alipata njia yake kwa kujaribu. Akazihesabu njia za watahiri na vinyozi wa zama zake, wengine kwa wembe, wengine kwa kidude cha duara, wengine kwa uzi. Akachagua mkasi pamoja na kufunga uzi, kwa sababu wembe huenda ukateleza, na mkasi ukiwa sawa makali yake hukata sawa. Akausia mtoto afurahishwe, adhani kuwa atafungwa uzi tu siku ile na kuachwa mpaka kesho, na mkasi ufichwe usionekane naye kabisa. Mtu aliyewapasua watu wazima vibofu alifikiri pia juu ya hofu ya mtoto wa miaka michache.

Tena aliandika juu ya mtoto azaliwaye na tundu iliyoziba, au ndogo mno, au isiyo mahali pake. Iliyoziba itobolewe upesi kwa kisu chembamba, kisha itiwe kijiti cha risasi na kufungwa siku tatu au nne. Mtoto akitaka kukojoa kitolewe, kisha kirudishwe. Aliye na tundu chini, si kwenye ncha, hawezi kukojoa mbele illa aiinue dhakari kwa mkono, na huenda asizae, kwa kuwa manii hayafiki mahali pake kwa kunyoka. Haya aliyaona kuwa ni kasoro ya umbo yenye dawa, si aibu ya mama wala laana ya ukoo.

Mwisho wa umri wake ulikuwa wakati wa fitina. Mwaka 1010 Madinatuzzahra ulivunjwa na kutekwa nyara, na Qurtuba ikazingirwa na kuingiliwa na majeshi. Yeye alifariki kwenye mwaka wa 404, sawa na mwaka 1013. Ukhalifa wenyewe uliondoka mwaka 1031.

Kitabu chake kilitoka salama. Katika karne ya kumi na mbili Gerard wa Cremona, huko Tulaytula, aliigeuza ile makala ya thalathini kwa Kilatini, na jina la Abulqasim likageuka likawa Albucasis. Guy de Chauliac, tabibu mkubwa wa Ufaransa, alipoandika kitabu chake mwaka 1363 alimtaja mara nyingi sana. Huko Amasya, katika nchi ya Waturuki, Sharafuddin Sabuncuoglu alitunga mwaka 1465 kitabu cha upasuaji kwa Kituruki juu ya msingi wa kazi yake, akaongeza picha za tabibu na mgonjwa. Kilatini chake kilipigwa chapa Venice mwaka 1497, na Kiarabu chake kwa ukamilifu wa makala hiyo kilipigwa chapa Oxford mwaka 1778 pamoja na tafsiri.

Mrija wa fedha sasa umekuwa wa mpira, na uzi wenye sufu hautumiwi tena. Lakini muuguzi anayemtoa mkojo mwanamume katika hospitali yoyote ya leo huanza kwa kuiinua dhakari juu.